Freddie Laker, mtoto wa baharia aliyeuza viti vya ndege: Mombasa ina la kujifunza

Msimu wa kaskazi ukiingia, meli za kitalii huanza kupita mlango wa Kilindini, na watu wa Likoni ndio wa kwanza kuziona. Feri husimama kuipisha, waliobanana gatini huinua simu kupiga picha, na watoto hupunga mikono. Baadaye tunaambiwa kwamba watalii mia kadhaa wameteremka, wamechezewa ngoma, wengine wamepelekwa Fort Jesus na wengine mbuga ya Tsavo. Halafu meli inang'oa nanga na kwenda zake. Mwenye tuktuk anahesabu alichopata, na mara nyingi hakitoshi hata kujaza tangi.

Swali ambalo hatuulizi ni hili: abiria wale waliingiaje katika ile meli? Wengi wao hawakai karibu na bahari. Mtu wa mji wa ndani kabisa ya Ujerumani au wa jimbo la katikati ya Marekani hupanda ndege kwanza, na mara nyingi huwa ni ndege nzima iliyokodiwa kwa ajili ya abiria wa meli. Ndege inawateremsha karibu na bandari ambako meli inaanzia safari. Hapo ndipo wanapolala hotelini usiku mmoja au miwili, wanapanda teksi, wanakula na kununua vitu, na hapo ndipo meli inapakia nyama, mboga na maji. Bandari ya kuanzia safari hula nyama. Bandari za njiani hulamba mchuzi, na kwa miaka mingi sasa Mombasa imekuwa bandari ya njiani.

Ili tuielewe biashara hii ya meli kutegemea ndege za kukodi, wiki hii nimeona tusome maisha ya mtu aliyeijenga biashara hiyo ya ndege kwa mikono yake, akapanda nayo, akaanguka nayo. Ni Sir Freddie Laker wa Uingereza, aliyefariki mwaka 2006. Vijana wetu wengi hawamjui, lakini wazee waliofanya kazi katika hoteli za Bamburi na Shanzu miaka ya 1970 na 1980 hawajalisahau jina lake.

Mama aliyebaki na mtoto

Frederick Alfred Laker alizaliwa tarehe 6 Agosti 1922 katika mji wa Canterbury, kusini mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa baharia wa meli za biashara. Freddie akiwa na umri wa miaka mitano hivi, baba aliondoka na kuiacha familia. Mama yake, Hannah, akabaki kumlea kwa kufanya kazi za usafi katika nyumba za watu. Kwetu hadithi hii si ngeni. Huku Likoni na Kisauni nyumba nyingi zimesimama kwa jasho la mama, baba yuko melini au hajulikani aliko.

Shuleni kijana hakung'ara. Mwaka 1938 aliingia karakana ya Short Brothers mjini Rochester kama mwanagenzi wa kutumwatumwa na kufagia. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa ikiunda ndege kubwa za majini za shirika la Imperial Airways. Kuanzia mwaka 1937 ndege hizo zilikuwa zikitua hapa Mombasa, juu ya maji, zikitoka Misri kupitia Khartoum na Kisumu, kisha zikiendelea hadi Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji na Durban. Kwa hiyo karakana aliyojifunzia Laker kushika spana ndiyo iliyotoa ndege ambazo babu zetu walizishangaa zikiteremka baharini kama mnandi anayefuata samaki.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto alijiunga na kikosi cha raia kilichosafirisha ndege za kijeshi kutoka viwandani hadi kambini. Humo alijifunza ndege za kila aina, ufundi wake na urushaji wake. Vita vilipokwisha hakutafuta ajira ya mshahara. Aliona viwanja vimejaa ndege na vipuri ambavyo jeshi halivihitaji tena, akaanzisha kampuni ya kuvinunua kwa bei ya kutupa na kuviuza.

Mwaka 1948 rafiki mmoja alimkopesha pauni 38,000. Laker akanunua ndege 12 zilizochakaa za aina ya Halifax kutoka shirika la BOAC. Muda si mrefu Warusi wakaufunga mji wa Berlin kwa barabara na reli, na wakazi wake ikabidi waletewe unga, makaa na mafuta kwa ndege. Ghafla kila ndege iliyoweza kuruka ikawa dhahabu, na ndege za Laker zikafanya kazi usiku na mchana. Mzingiro ulipoondolewa mwaka 1949 kazi ikaisha. Wengine waliendelea kushikilia ndege zao wakisubiri neema irudi, wakafilisika. Laker alizikatakata nyingi ya zake, akaziyeyusha na kuuza alumini. Alijua jambo ambalo manahodha wetu wa majahazi walilijua zamani: upepo wa msimu ukigeuka, usingoje kuulizwa.

Feri ya angani

Kituko chake kilichofuata kitawachekesha watu wa Likoni. Kati ya Uingereza na Ufaransa kuna mlango wa bahari, na wenye magari walivuka kwa meli. Katikati ya miaka ya 1950 Laker alianza kuwavusha kwa ndege. Alitumia ndege zenye pua inayofunguka kama mlango wa kabati. Gari linaingizwa mbele, mwenye gari anakaa nyuma, na baada ya dakika chache za kuruka wote wanateremka ng'ambo ya pili. Ndege hizo zilipoanza kuzeeka, kampuni yake ilichukua ndege za abiria aina ya DC-4, ikazikata mbele na kuwapandisha marubani juu ya paa ili magari yapate nafasi chini. Naam, ni feri ya angani. Nani kati yetu, akiwa amekwama saa mbili kwenye foleni ya Mtongwe au Likoni, hajawahi kuota jambo kama hilo?

Pamoja na hayo alikuwa na kampuni ya ndege za kukodi iliyobeba wanajeshi wa Uingereza kwenda na kurudi katika makoloni. Hapa ndipo mambo yake yanapoanza kugusa bandari yetu. Miaka hiyo askari, maafisa wa serikali, walowezi na jamaa zao walikuja Kenya kwa meli na kuteremkia Kilindini. Meli za Union-Castle na za British India zilikuwa na ratiba ya Mombasa kama mabasi. Makuli, madobi, wauza matunda na wachukuzi wa mizigo walikuwa wakiishi kwa ratiba ile. Ndege zilipoanza kubeba askari kwa bei nafuu na kwa siku moja badala ya wiki tatu, serikali ya Uingereza iliziacha meli. Kufikia mwisho wa mwaka 1962 meli za kubeba wanajeshi zilikuwa zimekwisha.

Wenye meli hawakulala. Walinunua hisa katika ndege. Kampuni mama ya Union-Castle, iitwayo British and Commonwealth, pamoja na matajiri wengine wa meli, walikuwa na hisa katika kampuni ya ndege ya British United Airways, iliyoundwa mwaka 1960. Laker alikuwa amekwisha kuuza kampuni zake kwa moja ya kampuni zilizoungana humo, na yeye ndiye aliyepewa usukani wa kuiendesha. Chini yake kampuni hiyo iliagiza ndege za jeti za VC10, na mwaka 1964 zikaanza kazi katika njia za Afrika, zikiwemo za Entebbe na Nairobi. Abiria ambaye zamani angeteremka Kilindini, akalala Mombasa na kupanda treni kwenda bara, sasa alishukia Nairobi moja kwa moja. Meli za Union-Castle za kuzunguka Afrika zikaondoka mstarini. Tajiri wa meli hakupoteza kitu, maana alikuwa amehamisha pesa yake angani. Aliyepoteza ni kuli wa Kilindini, ambaye hakuwa na pa kuhamia.

Biashara ya kiti kitupu

Mwishoni mwa mwaka 1965 Laker alikosana na wakubwa wenzake, akaondoka. Mwaka huohuo alikuwa amempoteza mwanawe wa kiume katika ajali ya gari. Mtu mwingine angepumzika. Yeye mwaka 1966 alianzisha kampuni kwa jina lake mwenyewe, Laker Airways, kwa ndege mbili za Britannia zilizokwisha kutumika. Hakutaka ratiba za kila siku wala ofisi za fahari. Alitaka kukodisha tu.

Hebu tuutazame ujanja wake, maana ndio roho ya biashara hii. Adui wa mwenye ndege ni kiti kitupu. Ndege ikiruka na viti 40 vitupu, mafuta ni yaleyale, rubani analipwa vilevile na ada ya kutua haipungui. Shirika la ratiba hubeba hasara hiyo lenyewe. Laker aliwaambia mawakala wa utalii wachukue ndege yake kwa msimu mzima. Wao walipie saa za kuruka, na kadiri wanavyoirusha zaidi ndivyo bei ya kila saa inavyoshuka. Viti vikijaa, faida ni yao. Viti vikibaki vitupu, shauri yao. Kwa namna hiyo hatari ilitoka mikononi mwa mwenye ndege ikaenda kwa wakala, na wakala akaisukuma kwa hoteli kwa kuibana bei. Hoteli nayo ikambana mpishi, mtunza bustani na mvuvi anayeleta samaki. Mkondo huu wa hatari kutoka juu kwenda chini upo hadi leo, na sisi ndio tunaoishi kwenye mdomo wake.

Kampuni za meli za kitalii ziliuona mpango huu ukizifaa. Meli ya kitalii inapofika bandari ya kuanzia safari, asubuhi inateremsha abiria elfu moja na jioni inapakia elfu wengine. Ndege iliyoleta wapya inarudi na wa zamani, kwa hiyo haina kiti kitupu kwenda wala kurudi. Ndege iliyokodiwa na kampuni ya meli ikichelewa, meli itasubiri, kwa sababu abiria wote ni wateja wake mwenyewe. Na kampuni inaweza kuiondoa meli kwenye bandari moja na kuipeleka nyingine kwa kubadilisha mkataba wa ndege tu.

Mfano mzuri ni meli ambayo wazee wa Mombasa waliijua kwa jina, SS Uganda ya British India. Iliundwa mwaka 1952 kwa ajili ya njia ya London na Afrika Mashariki, ikawa mgeni wa kawaida Kilindini. Ndege zilipowachukua abiria wake, iliondolewa njiani mwaka 1967 na mwaka uliofuata ikageuzwa meli ya kitalii ya wanafunzi. Wanafunzi hao kutoka Uingereza walirushwa kwa ndege za kukodi hadi bandari za bahari ya Mediterania, wakaikuta meli inawasubiri. Chombo kilichofukuzwa Mombasa na ndege kikaja kulishwa na ndege kwingine.

Shanzu nayo ilikuwa na mabawa

Mtu asidhani kwamba haya yalikuwa ya Ulaya tu. Mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya Laker kuanza, hapa Kenya ilianzishwa African Safari Airways. Ilikuwa ndege ya kampuni ya Uswisi ya African Safari Club, nayo ilianza na ndege ya Britannia kama zile za Laker. Kampuni hiyo ilimiliki hoteli nyingi, zikiwemo za Shanzu huku Kisauni. Mgeni alichukuliwa kwao Ulaya kwa ndege ya kampuni, akashuka uwanja wa Port Reitz, akapelekwa kwa gari la kampuni hadi hoteli ya kampuni. Miaka ya 1990 waliongeza meli ndogo ya kitalii, Royal Star, iliyofanya safari zake kutoka Mombasa kwenda visiwa vya Bahari ya Hindi. Abiria wake wakaletwa kwa ndege ileile.

Kwa hiyo tumewahi kuwa bandari ya kuanzia safari. Ndege ilitua Changamwe, meli ikang'oa nanga Kilindini, na usiku uliobaki katikati ukalaliwa Kisauni. Ajira ilikuwepo kwa mpishi, dereva, fundi wa ndege na baharia. Ubaya wake ni kwamba mnyororo mzima ulishikwa na mkono mmoja. Kampuni ilipodhoofika, meli iliondoka, ndege ikaacha kuruka, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 milango ya hoteli ikafungwa. Pita Shanzu leo uangalie majengo yaliyobaki, utaelewa ninachosema.

Pauni 59 hadi New York

Turudi kwa Laker. Kukodisha kulimtajirisha, lakini sheria za wakati ule zilimuudhi. Ili kulinda mashirika makubwa, serikali zilikataza watu kukodi ndege ya kuvuka Atlantiki ila wawe wanachama wa chama chenye shughuli nyingine, tena kwa miezi sita au zaidi. Ni sawa na kusema hupandi matatu ya Mtwapa mpaka uwe mwanachama wa chama cha mazishi kwa nusu mwaka. Watu wakaanza kubuni vyama vya uongo, na mwaka 1971 maafisa walikuja uwanjani kuwahoji abiria wake mmoja mmoja na kuwashusha baadhi yao, wakiwemo wazee. Laker aliona aibu ile ikifanyiwa watu wa kawaida ambao kosa lao lilikuwa kutaka nauli nafuu.

Mwaka huohuo aliomba leseni ya huduma aliyoiita Skytrain. Wazo lilikuwa jepesi: hakuna kuweka nafasi mapema wala chakula cha bure. Unafika, unapanga foleni, unalipa, unapanda. Alipigania leseni hiyo kwa miaka sita, mbele ya kamati, mawaziri na mahakama, akipingwa na mashirika makubwa ya pande zote mbili za bahari. Alishinda. Tarehe 26 Septemba 1977 Skytrain ya kwanza iliondoka Gatwick kwenda New York kwa nauli ya pauni 59. Watu ambao hawakuwahi kuota kuvuka Atlantiki walilala kwenye foleni ili wapande. Mwaka 1978 alipewa cheo cha Sir. Mtoto wa mfanya usafi akawa anakaribishwa ikulu.

Wazee wetu wataikumbuka hali inayofanana na hiyo. Kwenda Hijja ilikuwa safari ya bahari ya muda mrefu, na aliyekwenda aliaga kama anayekwenda kufa. Ndege ilipofika bei inayofikika, hata muuza samaki akaweza kuweka nia na kuitimiza. Nauli ikishuka hubadilisha nani anahesabiwa kuwa mtu wa kusafiri. Hilo ndilo jema kubwa la Laker, na hatuna haki ya kumnyima.

Ijumaa ya tarehe 5 Februari 1982

Baada ya kushinda, Laker alisahau somo lake mwenyewe la Berlin. Alinunua ndege nyingi mno kwa mikopo ya dola, huku sehemu kubwa ya mapato yake ikiwa kwa pauni. Mwaka 1979 ndege zake za DC-10 zilizuiwa kuruka kwa wiki kadhaa baada ya ndege ya aina hiyo ya shirika la Marekani kuanguka Chicago. Mafuta yakapanda bei. Mwaka 1981 pauni ikaporomoka mbele ya dola, na deni likavimba bila yeye kuongeza hata senti. Wakati huohuo mashirika makubwa yaliteremsha nauli zao zikafikia za kwake. Wao walikuwa na njia nyingine za kufidia hasara, yeye hakuwa nazo.

Tarehe 5 Februari 1982, siku ya Ijumaa, Laker Airways ilifunga. Deni lilikuwa zaidi ya pauni milioni 250. Maelfu ya abiria walikwama ng'ambo na tiketi zisizo na thamani. Watu wa kawaida walimpenda kiasi kwamba wengine walituma pesa zao kumsaidia, lakini kikombe cha maji hakizimi nyumba inayoungua. Tiny Rowland wa Lonrho, kampuni iliyokuwa ikimiliki gazeti la The Standard hapa Kenya, alijaribu kumfufua, ikashindikana. Msimamizi wa mufilisi aliyashtaki mashirika makubwa huko Marekani kwa madai ya kula njama ya kumvunja. Mwaka 1985 kesi ilimalizwa nje ya mahakama kwa malipo ya dola milioni 48 kwa waliokuwa wakidai, na dola milioni 8 kwa Laker mwenyewe.

Hakuwa wa kwanza kuanguka hivyo. Mwaka 1974 Court Line, kampuni kongwe ya meli iliyoingia katika ndege za kukodi na utalii wa bei nafuu, ilianguka katikati ya msimu na kuwaacha makumi ya maelfu ya watalii njiani. Meli, ndege na hoteli zikifungwa kamba moja, moja ikizama huvuta zote.

Laker alihamia Bahamas. Mwaka 1992, akiwa na miaka 70, alianza tena kwa ndege chache za Boeing 727, akiwarusha Wamarekani hadi hoteli za Freeport. Akarudi pale alipoanzia, kwenye ndege za kukodi na wageni wa pwani. Alifariki tarehe 9 Februari 2006 huko Florida, akiwa na umri wa miaka 83. Nauli nafuu unazoziona leo kwenye simu yako zina alama ya mkono wake.

Sisi tufanye nini

Haya yote yanatuhusu kwa sababu hatima ya utalii wetu imekaa kwenye kiti ambacho si chetu. Tarehe 28 Novemba 2002 magaidi walilipua hoteli ya Paradise kule Kikambala, na wachezaji ngoma wetu waliokuwa wakipokea wageni wakawa miongoni mwa waliouawa. Asubuhi hiyohiyo makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya kukodi ya Arkia ikipaa kutoka uwanja wa Moi, ikiwa na zaidi ya watu 250. Kwa rehema za Mungu yalikosa shabaha. Mwaka 2005 meli ya kitalii Seabourn Spirit, iliyokuwa ikija Mombasa, ilishambuliwa na maharamia karibu na Somalia ikageukia Ushelisheli. Mei 2014, baada ya serikali ya Uingereza kuwaonya raia wake, kampuni za Thomson na First Choice ziliwarudisha wateja wao kwa ndege na kufuta safari za Mombasa hadi Oktoba. Kila mara uamuzi ulifanywa ofisini mbali, na hasara ikalala Magongo, Bamburi na Likoni.

Serikali imejaribu. Mwaka 2016 ilifuta ada za kutua kwa ndege za kukodi zinazokuja Mombasa na Malindi, na kuahidi dola 30 kwa kila abiria. Bandari nayo imepata jengo la kisasa la abiria wa meli katika gati nambari 1. Lakini jengo zuri bila ndege za kuwaleta abiria ni ukumbi wa harusi usio na bibi harusi. Tuna jambo ambalo bandari nyingi hazina: uwanja wa ndege wa kimataifa na bandari ya kina kirefu vinatenganishwa na mwendo mfupi wa gari, barabara ikiwa haijafunga.

Kwa maoni yangu, wanaotusemea kwa kampuni za meli wazingatie mambo matatu. Kwanza, waache kuhesabu meli ngapi zimetia nanga, wahesabu abiria wangapi wameanzia safari hapa. Pili, mkataba wa ndege usiwe wa nchi moja wala kampuni moja, ili mmoja akiondoka, wengine wabaki. Katika hili wito wa muda mrefu wa viongozi wa pwani, kwamba anga ya Mombasa ifunguliwe kwa mashirika mengi zaidi, una mantiki. Tatu, anayekuja kuweka ndege, meli na hoteli mkononi mwake atakiwe kuweka dhamana ya mishahara na madeni ya wenyeji kabla ya mgeni wa kwanza kushuka. Uingereza inamdai wakala dhamana ya kumrudisha mtalii nyumbani kampuni ikianguka. Mtalii analindwa. Mpishi wa Shanzu analindwa na nani?

Swali hilo liwekwe mezani na wabunge wa Changamwe, Kisauni na Likoni, na kaunti iseme msimamo wake, kabla msimu ujao wa kaskazi haujaingia.